Nyimbo za Noeli zilivyofukuzwa kanisani, zikarudi na ngoma

Wiki ya tatu ya Desemba pale Kariakoo ni shida hata kusikia bei unayotajiwa. Maduka ya nguo za watoto yametoa spika barazani, na spika zinamtangaza mtoto wa Mariamu kwa sauti za Boney M. Wimbo huo wao waliutoa 1978. Umepigwa kwenye mabasi ya kwenda Moshi na kwenye saluni za Mombasa kiasi kwamba ukimwambia mtu si wimbo wa hapa atakuangalia kwa mashaka.

Boney M ni kundi lililoundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian, likiwa na waimbaji wenye asili ya visiwa vya Karibi. Wimbo wenyewe waliukuta. Harry Belafonte alikwisha kuufikisha kileleni mwa chati za Uingereza 1957, na mtunzi wake, aliyeuandika 1956, ni Jester Hairston, Mmarekani Mweusi, mjukuu wa watumwa, aliyetumia maisha yake kupanga sauti za nyimbo za kiroho za watu wake. Hata Hairston hakuanzia Bethlehemu. Mahadhi yalitoka kwenye wimbo wake wa kalipso, alioombwa na rafiki autunge kwa ajili ya sherehe ya siku ya kuzaliwa, na jina la wimbo ule lilitaja chai ya chokoleti. Baadaye alipotakiwa wimbo wa Krismasi, aliyatoa mahadhi yaleyale akayavika maneno mapya.

Wako wazee wa kanisa watakaosikitika kusikia hivyo. Ni walewale wanaokunja uso kwaya ya vijana inapoingia ibada ya mkesha na ngoma na kayamba, kisha hunong'ona kwamba nyimbo za Noeli za kweli ni zile za kitabuni, zinazoimbwa watu wamesimama wima, mikono ubavuni. Kwa heshima zote, historia haiko upande wao. Nyimbo hizi zilianza kwa miguu, na sehemu kubwa ya maisha yake kanisa halikuzitaka.

Ufaransa na Uingereza za karne ya 13 na ya 14, watu walishikana mikono wakafanya duara. Mmoja alianzisha ubeti akiwa amesimama, duara lote likaitikia likizunguka, halafu likatulia kumpisha tena. Mtu wa Dodoma au Sukumani hahitaji kuelezwa zaidi hapo. Maaskofu waliandika makatazo mengi dhidi ya michezo hiyo, hasa ilipochezwa kwenye viwanja vya makanisa usiku wa sikukuu. Waliotumia akili zaidi ni Wafransisko. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, Italia, Fransisko wa Asizi aliandaa hori lenye majani, akaleta ng'ombe na punda, akawaita wanakijiji waje na mienge usiku wa Noeli. Watawa wake walipoenea Ulaya walitunga nyimbo kwa lugha za wenyeji, wakayachukua mahadhi ya mitaani kama walivyoyakuta.

Kwa hiyo usishangae kwamba katika kijitabu cha nyimbo za Krismasi kilichopigwa chapa na Wynkyn de Worde mjini London 1521, wimbo mmojawapo unashangilia kichwa cha nguruwe dume kinavyoingizwa mezani kwa shangwe. Sikukuu ilikuwa ni chakula, kinywaji na kelele, na Mwokozi ndani yake.

Kelele hizo ndizo zilizowachosha Wapuriti, Waprotestanti wa msimamo mkali. Hawakuona popote kwenye Biblia tarehe 25 Desemba, na walichokiona mitaani siku hiyo ni ulevi na kamari. Walipolishika Bunge la Uingereza walipitisha amri, Juni 1647, ya kuifuta Krismasi pamoja na Pasaka na Pentekoste. Desemba ileile meya wa Canterbury aliagiza maduka yafunguliwe siku ya Krismasi kama siku nyingine yoyote. Wananchi wakafanya fujo, maduka yaliyofunguliwa yakavamiwa. Ndugu zao wa Massachusetts, Marekani, walitoza faini ya shilingi 5 kwa atakayekutwa akisherehekea, na sheria hiyo ilidumu kuanzia 1659 hadi 1681. Scotland, ambako Wapresbiteri walikuwa na msimamo kama huo, 25 Desemba haikuwa sikukuu ya kitaifa mpaka 1958. Wamisionari wa Scotland waliokuja Kenya na Malawi kufundisha watu nyimbo za Noeli walitoka nchi ambayo kwao siku hiyo watu walikwenda kazini.

Utawala wa Wapuriti ulipokwisha na mfalme akarudi England 1660, sikukuu ilirudi naye, lakini nyimbo zilibaki nje. Kanisa la Anglikana liliimba zaburi tu. Mwaka 1700 uliruhusiwa wimbo mmoja wa Noeli, ule wa wachungaji makondeni ulioandikwa na Nahum Tate, na kwa miaka mingi ukabaki peke yake. Waumini wa vijijini walipopewa wimbo mmoja walijibu kwa kuutungia tuni nyingi, kila kijiji na yake, wakiusindikiza kwa fidla na klarineti kutoka roshani ya nyuma ya kanisa. Kisha karne ya 19 wakaja mapadre wapenda utaratibu. Walinunua vinanda, wakaivika kwaya kanzu nyeupe, wakaziondoa bendi za roshani. Babu yake na baba yake Thomas Hardy walipiga ala katika bendi ya namna hiyo, na riwaya yake ya 1872 kuhusu wanakwaya wa Mellstock wanaonyang'anywa nafasi na kinanda kipya inachekesha na kuuma kwa wakati mmoja. Nimewahi kuwasimulia wanakwaya wawili watatu kisa hicho, na kila mmoja alidhani namsimulia habari za parokia yake.

Waliofukuzwa walikwenda baa. Katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Sheffield, kaskazini mwa England, desturi hiyo ingali hai. Kuanzia Jumapili ya kukumbuka waliokufa vitani, katikati ya Novemba, hadi mwisho wa Krismasi, watu hubanana kwenye baa za vijiji kama Dungworth na Stannington na kuimba, bia mkononi, nyimbo ambazo makanisa yalizitupa. Hakuna anayesikiliza tu. Besi wana kona yao, wanawake wanazichukua sauti za juu, na yule wimbo wa Tate unaimbwa kwa tuni moja, kisha kwa nyingine, kisha kwa nyingine tena, baa hii ikijidai na tuni ambazo baa ile haizijui. Mojawapo ni ya Thomas Clark, fundi viatu wa Kent, iliyochapishwa 1805. Watu wa Yorkshire waliichukua baadaye wakaitilia maneno ya mzaha kuhusu mtu aliyetoka bila kofia kwenye baridi, na leo wengi wanaujua mzaha kuliko wimbo.

Walioziokoa nyimbo zilizobaki walikuwa wakusanyaji. Davies Gilbert, mbunge wa Cornwall, alichapisha chache 1822 akiamini anaandika tanzia. William Sandys alitoa mkusanyo mkubwa zaidi 1833. Charles Dickens alitoa hadithi yake ya bahili na mizimu ya Krismasi tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 zilikwisha kabla ya Krismasi yenyewe. Mwaka 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapa picha ya Malkia Victoria na mumewe Mjerumani wakiwa na watoto wao kando ya mti uliopambwa, na ghafla kila mwenye sebule akataka mti. Miaka hiyohiyo ndiyo William Cummings, mpiga kinanda wa Waltham Abbey, alipofanya ujanja wake. Alichukua maneno ya Charles Wesley ya 1739 kuhusu malaika wanaotangaza habari njema, maneno ambayo George Whitefield alikwisha kuyabadilisha bila kumridhisha mwenyewe, akayaoanisha na muziki wa Felix Mendelssohn. Muziki huo ulitungwa 1840 kwa sherehe za mjini Leipzig za miaka 400 ya mashine ya uchapaji ya Gutenberg. Mendelssohn alikuwa ameandika wazi kwamba mahadhi hayo hayangefaa maneno ya dini. Lakini Cummings alifanya kazi yake 1855, na wakati huo watunzi wote wawili walikuwa kaburini.

Hata ibada ya masomo tisa na nyimbo, ile ambayo kwaya nyingi za mjini huiga kila Desemba wakiamini imetoka enzi za mitume, ilianza tarehe 24 Desemba 1880 ndani ya banda la mbao mjini Truro, Cornwall, kanisa kuu likiwa bado linajengwa. Inasemekana Askofu Edward White Benson aliiweka saa nne usiku ili kuwatoa wanaume baa. Chuo cha King's, Cambridge, kiliianza 1918, mara baada ya vita, chini ya Eric Milner-White aliyetoka kuwa kasisi wa jeshi. Redio ya BBC ikaanza kuirusha 1928, na sauti ya mtoto mmoja anayeanza peke yake bila kinanda ikaenda dunia nzima.

Wimbo uliosafiri kuliko yote, ule wa usiku mtakatifu, hata hivyo haukuhitaji redio. Mwaka 1816 padre kijana, Joseph Mohr, aliandika shairi la beti sita huko Mariapfarr, Austria. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha jana tu, na mwaka huo jua lilikataa kutoka Ulaya nzima kwa sababu ya majivu ya volkano ya Tambora, Indonesia. Mazao yalioza shambani. Miaka miwili baadaye Mohr alikuwa Oberndorf, kijiji cha wapakia chumvi kando ya mto Salzach. Tarehe 24 Desemba 1818 alimpelekea shairi Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule wa kijiji jirani aliyekuwa pia mpiga kinanda wa kanisa, akamwomba alitilie muziki wa sauti mbili na gitaa. Usiku uleule waliuimba, Mohr akiwa na gitaa, Gruber akishika besi. Kile kisa kwamba gitaa lilitumika kwa sababu panya walitafuna mifuko ya upepo ya kinanda ni nyongeza ya wasimulizi wa baadaye. Kinachojulikana ni kwamba Karl Mauracher, fundi wa vinanda kutoka bonde la Ziller, aliubeba kwenda kwao, na huko ukachukuliwa na familia mbili za waimbaji, Strasser na Rainer. Akina Strasser walikuwa wachuuzi wa glavu. Waliuimba Leipzig walipokwenda kwenye gulio mwanzoni mwa miaka ya 1830. Akina Rainer waliufikisha New York 1839.

Njiani majina ya watunzi yalidondoka. Watu wakadhani ni wa Haydn. Mwaka 1854 ofisi ya muziki ya mfalme huko Berlin iliulizia asili yake, na Gruber, mzee wa miaka 67, akaandika maelezo mafupi ya jinsi ilivyokuwa. Mohr alikuwa amefariki 1848 bila mali ya maana. Mwaka 1995 iligunduliwa nakala kwa mwandiko wa Mohr mwenyewe ikithibitisha mwaka wa shairi na jina la Gruber. Kanisa la Oberndorf halipo tena, mafuriko ya mto yalilichakaza likabomolewa. Mahali pake pana kikanisa kidogo cha pembe nane, na watalii hupanga foleni kwenye theluji. Jambo moja wanakwaya wetu wangenufaika kulijua: muziki wa Gruber ulikuwa na mwendo wa kubembea, wa sita kwa nane. Huu mwendo wa kuburuta tunaouimba siku hizi, kama wa mazishi, ulikuja baadaye.

Leipzig imetajwa sasa mara mbili, na mara ya tatu inatufikisha nyumbani. Ni misheni ya Leipzig iliyopeleka wamisionari wa Kilutheri Kilimanjaro 1893. Wenzao wa Berlin walikuwa tayari kwenye nyanda za juu kusini tangu 1891. Vitabu vyao vya nyimbo vilikuja kwenye masanduku yaleyale ya dawa na misumari. Unguja Waanglikana walitangulia: jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi ya 1873, pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa Juni mwaka huohuo, na Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, ndiye aliyekesha akitafsiri Maandiko na sala kwa Kiswahili.

Kutafsiri wimbo ni kazi ngumu kuliko kutafsiri sala. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wakati tuni nyingi za Kijerumani na Kiingereza hufunga mstari kwa pigo zito kwenye silabi ya mwisho kabisa. Matokeo yake tumekua tukiimba "bwaNA" na "mtoTO" bila kuona ajabu, mambo ambayo ukiyatamka hivyo sokoni watu watauliza umetoka wapi. Kwa Kichaga na Kihaya, lugha ambazo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, hali ilikuwa mbaya zaidi: tuni inapanda pale neno linaposhuka, na msikilizaji anabaki kukisia. Waumini waliimba hivyo hivyo kwa moyo, kwa nota za do-re-mi walizofundishwa ubaoni, na wakazizoea sauti nne hadi zikawa zao. Sidharau jambo hilo. Kwaya ya wakulima wa kahawa inayoimba sauti nne bila kinanda, kila mmoja akiijua sehemu yake kwa kichwa, ni kitu ambacho Wajerumani wenyewe hawanacho kwa wingi siku hizi.

Lakini ngoma ilikuwa bado nje mlangoni. Padre Stephen Mbunga alikuwa miongoni mwa waliogonga mlango mapema: Misa yake ya Kiswahili, Misa Baba Yetu, ni ya 1959, na 1963 alichapisha kitabu kizima kuonyesha kwamba sheria za Kanisa hazikatazi muziki wa Kibantu. Mwaka uleule, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia iliyotaka muziki wa asili wa watu upewe heshima yake katika ibada. Kule Kamina, Katanga, kwaya ya wavulana ilikuwa imekwisha kuimba Missa Luba tangu 1958, maneno ya Kilatini, ngoma za Kongo. Mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Nairobi chini ya Boniface Mganga iliirekodi upya. Baada ya hati ile ya Mtaguso watunzi wa Kikatoliki wa Tanzania hawakungoja kuambiwa mara mbili. Walitunga nyimbo za Noeli zinazofuata mkazo wa Kiswahili, zenye besi inayojibizana na soprano kama watani, na vigelegele vikapewa nafasi palepale vinapostahili.

Anayedhani ngoma kanisani ni mambo ya juzi aende Ethiopia. Pale Lalibela, kwenye makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba, Noeli husherehekewa kwa ngoma kubwa za kebero, njuga za chuma na fimbo za sala, mapadre wakiyumba kwa pamoja kwenye mistari miwili huku wakiimba nyimbo ambazo mapokeo yao huzihesabu kuwa za Mtakatifu Yared wa karne ya 6. Hakuna mmisionari wa Ulaya aliyewafundisha.

Kwetu, maandalizi huanza Oktoba. Mwalimu wa kwaya anagawa nakala zilizofifia, siku hizi nyingi zimepakuliwa kwenye simu. Fundi anapimiwa kitambaa cha sare. Sauti ya tatu inalalamikiwa kwa kuchelewa mazoezi. Ukanda wa pwani mikrismasi inachanua nyekundu pande zote za barabara, mti uliotoka Madagaska na ambao unaielewa Desemba ya hapa kuliko misonobari ya plastiki yenye pamba ya theluji. Wachaga wanaijaza stendi. Anayebaki mjini anatafuta mchele mzuri na viungo vya pilau, maana Krismasi bila pilau itahitaji maelezo, na sahani mbili tatu zitavuka kwenda kwa majirani Waislamu, ambao nao walileta zao Idi.

Sina ugomvi na nyimbo za theluji zinazopigwa madukani. Ule wa kengele za farasi ulioandikwa na James Pierpont, 1857, hautaji Krismasi hata mara moja, na tarehe 16 Desemba 1965 wanaanga Wally Schirra na Tom Stafford waliupiga kwa kinanda cha mdomo na vikengele wakiwa ndani ya Gemini 6, ambako theluji ilikuwa mbali kuliko hata Tabora. Ugomvi wangu ni wa kalenda. Maduka yanaanza Novemba na kunyamaza jioni ya tarehe 25. Kwaya zetu nazo zimeanza kufuata saa ya maduka: zinaimba Noeli wakati wa Majilio, kisha Jumapili baada ya Krismasi wanakwaya nusu hawapo na wimbo ni ule wa kila wiki. Kwa kalenda ya Kanisa msimu wa Noeli ndiyo kwanza unaanza mkesha wa tarehe 24, na unafika hadi Epifania. Kazi ya miezi miwili inaimbwa mara moja au mbili tu, na sare hairudi kuvaliwa mpaka harusi ya mtu.

Walimu wa kwaya wangehamishia nusu ya nyimbo zao Jumapili ya kwanza ya Januari, watu wakiwa wamerudi kutoka vijijini na matumbo yametulia, wangezisikia vizuri zaidi. Na atakayechelewa hata hapo, Waethiopia husherehekea tarehe 7.